Koti la Mtoto wa Bruges

Mimi ndiye niliyetangaza, sitamsingizia mtu. Niliandika kwenye kundi letu la simu, lile la waongea Kiswahili wa Birmingham: "Ijumaa tunaenda Bruges, Ubelgiji, kwa gari, siku tatu. Buti iko na nafasi, mwenye kimzigo aseme." Ndivyo tulivyolelewa. Ukisafiri bila kubeba kitu cha mwenzako, watu wanasema umeanza maringo.

Safari yenyewe ilikuwa ya Cheryl, binti yetu wa pekee, aliyekuwa ametimiza miaka tisa. Shuleni alionyeshwa picha za ule mji wa kale, mifereji na madaraja na mnara wa kengele, akatusumbua mwaka mzima. Mume wangu Barnabas akapanga kila kitu kwenye karatasi. Tutoke hapa Great Barr mpaka Folkestone, gari liingie kwenye treni inayopita chini ya bahari, tutokee Calais, halafu saa moja na nusu tumefika. Alinunua hata vizibao vya kung'aa na stika za taa za gari, maana sheria za barabara za kule zinadai. Cheryl akawa anauliza maswali kutwa, kwa Kiingereza. Kiswahili anakisikia chote, lakini akujibu kwacho? Thubutu! Nilikuwa nimeshachoka kugomba.

Jumatatu nikapata ujumbe kutoka kwa mwanamke nisiyemjua, Léocadie wa mtaa wa Castle Vale. Alikuwa na kimzigo cha mtoto wake aliyeko Bruges. Nikapitia kwake nikitoka kazini, saa kumi na nusu jioni, giza la Novemba limeshaanza kuingia.

Lifti ilikuwa mbovu. Nikapanda ngazi zote nikinung'unika. Mlango wake ulikuwa wazi kidogo... na ndani kulikuwa na harufu. Harufu ya matope. Ya maji yaliyosimama muda mrefu.

"Karibu, mama," akasema kwa sauti ya chini sana. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, anaongea Kiswahili cha Kongo. Hakuwasha taa. Alinipa koti jekundu la mtoto, limefungwa ndani ya kitenge.

"Mutoto yangu eko kule. Kule baridi iko mingi."

"Pole, mama. Ana miaka mingapi?"

"Tisa. Na wa kwako?"

"Naye tisa."

"Jina yake?"

Nikamtajia. Kwani ungefanyaje? Mama mzima anakuuliza jina la mtoto wako, utamnyima?

"Cheryl," akarudia polepole. "Cheryl..."

Akatabasamu. Nyuma yake, gizani, nikasikia tone la maji likidondoka. Tup... tup... Nikashika mzigo nikashuka ngazi mbio. Sikuufungua. Mzigo wa mtu haufunguliwi.

Cheryl ndiye aliyeufungua. Jumanne alitoka kwenda kwenye buti kutafuta viatu vyake vya mvua, akarudi jikoni amelivaa lile koti. Lilimkaa sawasawa, hadi mikono.

"Vua! Si lako hilo!"

Akalivuta kifuani. Kisha akasema:

"Mama, niko nasikia baridi mingi. Uniachie tu."

Kwa Kiswahili.

Sasa sikia ujinga wangu. Nilifurahi! Miaka yote hiyo namwomba huyu mtoto anijibu kwa Kiswahili, na leo amenijibu. Nilipiga vigelegele. Nikamwachia koti, nikamchokoza aongee zaidi, nikamrekodi kwa simu. Nikamtumia rafiki yangu Halimo, Msomali aliyekulia Garissa, tunayefanya naye kazi ya kuhudumia wazee. Nikamwambia, sikia mwanangu!

Halimo akapiga simu palepale.

"Mama Cheryl, huyo ni nani?"

"Ni Cheryl, wewe! Amefunguka ulimi."

"Wallahi huyo si Cheryl." Alikuwa ananong'ona. "Nimeishi na Wakongo Ubelgiji miaka sita. Huyo anaongea kama mtoto aliyezaliwa Bukavu. Nani amemfundisha?"

Nikageuka. Cheryl alikuwa mezani, anakula ugali kwa mkono, yeye ambaye hali bila uma. Na chini ya kiti chake kulikuwa na maji. Dimbwi dogo, jeusi, linatanuka taratibu.

Nilimvua koti kwa nguvu. Koti lilikuwa kavu.

Yeye ndiye aliyekuwa analowa.

Usiku huo sikulala, na Jumatano mchana nikalirudisha koti Castle Vale. Nikagonga. Nikagonga tena. Mlango uliofunguka ni wa jirani, mzee mmoja mpole anayeitwa Paramjit.

"Léocadie ameondoka asubuhi," akaniambia. "Ameenda kupanda basi la Ubelgiji. Yeye na binti yake."

"Binti yake si yuko Bruges?"

Mzee alinitazama vibaya. "Binti yake alizama kule, kwenye mfereji. Ni miaka minne sasa. Nami nilishangaa, mama. Lakini nimewaona kwa macho yangu, amemshika mkono mtoto wa kike, anamvuta. Maskini, alikuwa analia ngazi zote. Anaita 'Mom! Mom!' kama watoto wetu wa hapa."

Nikakaa pale pale sakafuni, na mzee akaniletea maji ambayo sikuweza kuyanywa.

Barnabas hakuamini. Alinikalisha chini kwa upole akanionyesha mtoto wetu amelala kwenye kochi. Kovu la goti ni lile lile. Pengo la jino ni lile lile. Ana homa tu, Mama Cheryl, kesho tunampeleka kwa daktari. Huenda alikuwa sahihi. Nilimwomba Mungu asiwe sahihi, maana kama nimekosea mimi, basi ninalotaka kumfanyia mwanangu halina msamaha. Lakini yule anayelia njia nzima, hata kama ana sura ya binti wa Léocadie, nilimzaa mimi. Nilijua hivyo tumboni, si kichwani. Na mama aliyempakia kwenye basi hakuwa anampeleka kuona madaraja; alikuwa anampeleka mferejini, akajaze nafasi ya binti yake.

Nikabadilisha tiketi ya treni. Hatungengoja Ijumaa. Barnabas alikubali kuendesha kwa sababu aliniona nimeshashika funguo mwenyewe.

Tulipakia mizigo harakaharaka. Ilikuwa saa kumi na moja, taa za mtaani zimeshawaka. Mtoto aliamka, akaona mlango wa gari uko wazi. Hakulia. Alishika mwimo wa mlango wa nyumba kwa mikono miwili, na ilibidi nimbandue vidole kimoja kimoja. Vilikuwa vya baridi, vimekunjamana, kama vya mtu aliyekaa kwenye beseni kutwa nzima.

"Mama Cheryl," Barnabas akasema nyuma yangu. "Angalia kapeti."

Sikuangalia. Nilimbeba hadi kwenye gari nikamkalisha kiti cha nyuma. Alikuwa mzito kuliko kawaida, na harufu ile ya matope ilinijaa puani. Nilipoinama kumfunga mkanda, alinikumbatia shingoni. Alinikumbatia kwa upendo kabisa, jinsi mtoto anavyomkumbatia mamake.

"Mama," akaninong'oneza sikioni. "Nitakuwa mutoto muzuri. Sitakusumbua hata siku moja. Usinirudishe kwa maji."

Nililia. Haki ya Mungu nililia, maana alikuwa mtoto, na alikuwa anaogopa.

Kisha nikaukaza mkanda.