Sisimizi Hataki Kurudishwa

Kila alfajiri, kabla mama hajamwita, Kasuku aliamshwa na harufu ya mkate. Baba yake alikuwa mwokaji, na tanuri lake lilikuwa uani. Mama alikuwa fundi cherehani. Sebuleni wageni walikalia suruali ambazo bado hazijashonwa miguu. Kasuku mwenyewe alipewa jina hilo na baba kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Siku hizi Kasuku alikuwa anaamka na kukuta vyombo vimeoshwa na uwanja umefagiliwa. Kazi hizo zilikuwa zake, lakini mdogo wake alikuwa amezimaliza. Mtoto huyo wa miaka minane alitoka makao ya watoto, na wazazi walikuwa wamemuasili mbele ya hakimu, awe mtoto wao. Alikuwa hatulii, ndipo baba akamwita Sisimizi.

"Nikusaidie, dada?" Sisimizi alikuwa akiuliza kila mara.

Kasuku hakusubiri kuulizwa mara mbili. Alimwachia ufagio, akamwachia masufuria. Jumamosi moja mama alimtuma anyooshe joho la kiongozi wa kwaya ya kanisani. Mama alipotoka tu, Kasuku akamwachia Sisimizi hata pasi, akaenda kuruka kamba.

Aliporudi, nyumba ilinuka moshi. Joho lilikuwa na tundu mgongoni. Sisimizi alikuwa chumbani, anatia nguo zake kwenye mfuko.

"Unakwenda wapi?"

"Ninarudi makaoni," Sisimizi alijibu, machozi yakimtoka. "Nilidhani nikifanya kazi sana hawatanirudisha. Sasa nimeharibu."

Mara mama na baba wakaingia, mama ameshika joho.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," alisema Sisimizi.

Kasuku angeweza kunyamaza. Akasogea mbele ya mama.

"Mama, ulinituma mimi. Nilimsukumia yeye ili nikacheze. Na si leo tu. Kazi zangu zote anafanya yeye."

Mama aliuona ule mfuko, akaelewa. Aliweka joho chini, akapiga magoti, akamkumbatia Sisimizi.

"Mwanangu, hatukukuleta utufanyie kazi. Mungu alitufanya watoto wake kabla hatujafanya lolote la maana. Hakutujaribu kwanza. Tukaona upendo huo tusiufungie ndani, ndipo tukakutafuta."

"Hata nikiunguza nguo?"

"Mimi nilipoanza kazi niliunguza mikate mwaka mzima," baba alidakia, "na mama yako hajanirudisha kwetu!"

Sisimizi akacheka huku kamasi zikimtoka, na wote wakacheka.

Mchana kutwa walishona. Mama alikata mgongo mpya, Kasuku akafumua nyuzi mpaka vidole vikamuuma, Sisimizi akashika mkasi na pini. Jioni kiongozi wa kwaya alipokuja kulijaribu joho, alizunguka mara mbili kama bibi harusi.

Usiku huo, baada ya kula, Kasuku alitazama rundo la vyombo.

"Mdogo wangu, nisaidie basi."

"Leo zamu yako, dada!" Sisimizi akajibu, akajilaza mapajani mwa mama.

Baba alicheka mpaka akashika mbavu. Mama akampapasa Sisimizi kichwani.

"Sasa umekuwa mtoto wa nyumba hii kweli," alisema. "Na wewe Kasuku, leo umesema kweli ilipokuwa ngumu, nami nimefurahi. Kazi tutagawana, kwa sababu nyumba ni yetu sote. Lakini hapa, wanangu, hakuna anayefanya kazi ili apendwe. Haya, vyombo vinakungoja."