Shavu la Kushoto

Niwieni radhi, nitaisimulia vibaya. Mwenyewe, rafiki yangu Ottavio, fundi bunduki wa mji wa Gardone, siku hizi hasemi.

Alikuwa akichonga kitako kipya cha bunduki ya kale ya mitutu miwili, ya marehemu mmoja aliyekuwa akilenga kwa bega la kushoto. Mteja pekee aliyembakia alitaka cha bega la kulia, akamwonya: "Ukikosea tena, mzee, funga karakana ukalee wajukuu."

Mara mbili alikimaliza, akakifungia kabatini. Mara mbili akakikuta kimelika palepale anapoegemeza shavu mtu anayelenga kwa kushoto. Mara ya tatu akatega sikio. Gizani mle kabatini, ndevu zilikuwa zikisugua ubao, taratibu.

Akafungua. Hamna mtu. Unywele mmoja wa mvi umenasa kwenye vanishi mbichi.

Kitako cha zamani, cha yule marehemu, tulikuwa tumeshakichoma jikoni kwake kabla ya hayo yote. Wazo lilikuwa langu. Nilikuwa nasikia baridi.