Mfuko Usioguswa

Kila Jumamosi asubuhi Kasuku alifagia karakana ya babu yake, akaokota pini zilizodondoka sakafuni, kisha akakimbilia darasa la kuimba. Jina hilo alipewa nyumbani, kwa kuwa wimbo ukimpita masikioni mara moja tu, tayari ameushika. Babu yake alikuwa fundi cherehani, na pia mwimbaji wa sauti nzito katika kwaya ya wanaume iliyoanza kabla baba yake Kasuku hajazaliwa.

Mwaka huo kwaya ilialikwa kuimba kwenye tamasha jijini. Furaha ilikuwa kubwa, ila makoti yao yalitia aibu. Yalikuwa yamepauka mabegani na kuchakaa kwenye kola.

Jioni moja, Kasuku akiwa karakanani na babu, baba yake mdogo, makanika aliyeimba sauti ya juu katika kwaya hiyo, aliingia.

"Shikamoo, baba. Tumezungumza na wenzangu. Tuvunje mfuko wa kwaya, tununue makoti mapya. Hela zimelala tu benki!"

"Marahaba. Mfuko hauvunjwi," babu alijibu, miguu ikiendelea kukanyaga cherehani.

"Lakini babu, baba mdogo anasema kweli," Kasuku alidakia. Alikuwa ameshawatambia wenzake shuleni kwamba babu yake angepanda jukwaani na koti jipya. "Hela si zenu wenyewe?"

Babu alisimamisha cherehani. "Mwalimu wenu wa Jumamosi analipwa na nani?"

Kasuku alibabaika. "Si anakuja tu?"

Baba mdogo aliangua kicheko.

"Na wewe unacheka nini?" babu alimgeukia. "Wewe kuimba ulifundishwa wapi, kama si kwenye darasa hilohilo? Waimbaji wa kwanza walijinyima, wakachanga, wakaweka benki. Sisi tunatumia faida yake tu kwa kodi ya ukumbi na mshahara wa mwalimu. Tukila mtaji wenyewe, makoti tutapata, lakini darasa la watoto litafungwa."

Kicheko kilimkauka baba mdogo. Kasuku naye aliona haya, akainamia koti la babu lililokuwa mezani. Bitana iliyofunika upande wa ndani ilikuwa imechanika. Akachungulia ndani.

"Babu, mbona kitambaa cha koti huku ndani rangi yake bado ni nzuri? Hatuwezi kuligeuza, ndani kuwe nje?"

Babu alilishika koti, akalitazama kwenye mwanga. "Inawezekana. Ila ni kufumua koti zima, mshono kwa mshono, na kulishona upya. Peke yangu siwezi kuyamaliza makoti yote kabla ya tamasha."

"Basi sisi tufumue, wewe ushone. Kwani hao waimbaji hawana mikono?"

Kuanzia kesho yake, wanaume wa kwaya walipotoka kazini walijaa karakanani. Mmoja wao, dereva wa lori, mtu mpana kama mlango, alijichoma sindano akapiga ukelele mwembamba.

"Leo umehamia sauti ya juu!" baba mdogo alimtania, na karakana nzima ikacheka. Walifumua huku wakifanya mazoezi ya nyimbo, hata wapita njia wakawa wanasimama dirishani kusikiliza.

Kasuku alifumua mpaka vidole vikamuuma. Siku moja aliharakisha ili awahi kucheza, wembe ukateleza na kukata mkono wa koti karibu na kwapa. Alitamani kulificha chini ya mengine, lakini akalipeleka kwa babu.

"Nimeliharibu, babu. Nilikuwa na haraka."

"Vizuri umesema mapema. Tutatia kiraka kwapani, hakitaonekana. Sasa rudi ukamalizie, polepole."

Siku ya tamasha wanaume walipanda jukwaani wamenyooka, makoti yamekaa sawasawa mwilini. Walipomaliza wimbo wa mwisho, ukumbi wote ulisimama na kupiga makofi. Mama mmoja aliyeketi karibu na Kasuku aliuliza, "Makoti hayo mapya wamenunua wapi?"

"Si mapya," Kasuku alijibu kwa fahari. "Ni ya zamani. Tumeyageuza wenyewe."

Ndani ya basi la kurudi, baba mdogo alisimama.

"Jamani, nilitaka tupendeze siku moja kwa hela za watoto wasiojua hata kwamba ni zao," alisema. "Wazee wetu walituachia mfuko, nasi tuwaachie wanaotufuata. Mahitaji yetu ya leo tuyatolee jasho letu wenyewe." Kisha akamtazama Kasuku. "Na ukikosea, sema, kama alivyosema huyu alipokata koti."

Dereva wa lori aliinua vidole vyake vilivyojaa matundu ya sindano. "Jasho tu? Mimi nimetoa na damu!"

Basi zima likalipuka kwa kicheko, na Kasuku akawa wa kwanza kuanzisha wimbo.