Kiti cha Nyuma Kushoto

Gari lilianza kwa kusita. Hafidhi anaweka gia kwenye D, anaachia breki, gari limeganda palepale kama punda aliyekataa mzigo. Injini inanguruma, mke na mume wanatazamana, halafu ndipo linashtuka na kuondoka.

"Otomatiki za mtumba ndivyo zilivyo," alisema Hafidhi. "Limetoka Japani na uchovu wake."

Hidaya, mkewe, alitazama dirishani. Tangu wamzike mwana wao Idrisa hakuwa mtu wa maneno. Mtoto wa miaka saba, homa ya usiku mmoja, asubuhi hakuna mtoto. Hapo hakuna la kuremba.

Wakalipeleka gari kwa Tomasi, fundi wa Kilakala, mtu wa maneno mengi na sabuni kidogo. Tomasi akachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia huku injini inawaka, akakinusa, akaifikicha oili kati ya vidole.

"Nyekundu safi, kaka. Ingekuwa imeungua ingenuka."

Hata hivyo akabadilisha oili na filta, maana fundi hakuachii uondoke bila kugusa kitu. Akalijaribu pale gereji: gia inashika papo hapo. Akalipandisha mlima: linapanda. Kesho yake asubuhi, uani kwa Hafidhi, likasita tena.

Basi Tomasi akaja kuliona linavyofanya. Hafidhi alipoweka D, yeye alikuwa amechutama nje, jicho kwenye matairi. Akaona gari likizama taratibu upande wa nyuma kushoto, spring ikalia nyiii, kama mtu mzima ameketi. Likishatulia, ndipo gia ikashika.

"Kaka," akanong'ona, "nani yuko nyuma?"

"Hakuna mtu."

"Nisingizie ili nipate nini? Kuna mtu amepanda, na gari linamngoja atulie."

Akakusanya spana zake, akaondoka bila kuaga.

Hidaya alisikia yote, na moyo wake ukafanya jambo la aibu: ukafurahi. Kiti kile kilikuwa cha Idrisa. Kila asubuhi ya shule mtoto huyo alitoka wa mwisho, kiatu kimoja mguuni, cha pili mkononi, mdomo umejaa andazi. Baba yake ameshaweka D, amekanyaga breki, Hidaya ameshika mlango wa nyuma anagomba, "Haya, ingia, tunachelewa!" Hata baada ya arobaini, asubuhi ya kwanza ya kurudi kazini, ukungu wa mlimani umeshuka mpaka getini, mkono wake uliufungua mlango ule na mdomo ukasema, "Haya, ingia." Mazoea tu. Akaufunga, wakaenda.

Sasa akahamia kiti cha nyuma kulia, na pale kushoto akawa anaweka andazi. Hakumwambia mtu. Jioni alilikuta andazi halijang'atwa, ila limeota ukungu kama la wiki nzima, na garini kuna harufu ya udongo uliofukuliwa sasa hivi. Akajiambia mtoto hana hamu ya kula. Lakini Idrisa alikuwa mwepesi, hata kumbeba hakukumchosha mtu, na huyu kila siku alizidi uzito, mpaka tairi likawa linakwaruza bodi, mpaka gari lenye watu wawili tu likawa linapanda kilima kwa kuhema kama lori la miwa la Turiani, na Hidaya akiwa amekaa kando yake, hathubutu kugeuza shingo, anahisi kiti kinamvuta kidogo kidogo kuelekea kushoto, kuelekea kwenye ile baridi.

Hafidhi akapanda milimani Kinole, akashuka na Bi Zuleha, mganga.

"Shikamoo, bibi," Hidaya akamwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mwanao alikuwa mzito?"

"Alikuwa kama kuku, bibi."

"Na huyu?"

Hidaya akainama.

"Mwanao yuko kaburini kwake. Huyu alikuwa anapita zake, akasikia mwanamke amefungua mlango anasema ingia, na jina hakutaja. Nani anakataa lifti?" Bi Zuleha akapuliza chetezo. "Aliyemkaribisha ndiye atakayemshusha. Ubani wangu utamkohoza tu."

"Na kama ndiye mwenyewe, bibi? Kama ni Idrisa wangu?"

Bi Zuleha alikuwa amezika wanawe, na hakuna aliyembembeleza. Naye hakumbembeleza Hidaya.

"Kama ndiye, atakwenda kulala. Mtoto naye huchoka. Akishashuka, msimsubiri mtu tena katika gari hili. Mnanisikia? Msisimame."

Hidaya akafungua mlango. Moshi ukaingia, ukagawanyika pale kitini, ukazunguka kitu kilichokaa kimejikunja, magoti yamegusa dari.

"Shuka," akasema. "Shuka. Sikukuita wewe."

Ikatoka sauti ya Idrisa, mdomo umejaa: "Mama, nisubiri."

Hidaya aliushika mlango mpaka kucha zikavunjika. "Shuka!"

Spring ikalia. Gari likainuka. Andazi likadondoka chini, likabingirika mpaka kwenye miguu ya Hafidhi, na harufu ya udongo ikakatika.

Asubuhi iliyofuata Hidaya alikaa mbele. Hafidhi akaweka D, na gari likaondoka hapohapo, jepesi kama siku walipolinunua.

"Limepona," alisema, akajifuta macho kwa kiganja.

Walikuwa ndio kwanza wanatoka getini Hidaya aliposikia, nyuma, kutoka mlango wa nyumba, nyayo ndogo zinakimbia. Mguu mmoja una kiatu, mmoja hauna: ko, pa, ko, pa. Amechelewa, kama siku zote.

"Baba Idrisa."

Naye alikuwa amesikia. Mguu wake ulikwenda kwenye breki, ukangoja juu yake, ukarudi kwenye mafuta, na gari likaitika bila kusita hata kidogo.

Nyayo zikafika getini, zikasimama.