Sinia la Isobe

Wali ulinuka mafuta ya nyonyo. Marubani wa manowari ya kubebea ndege, mpya kabisa hapo bandarini Yokosuka, Japani, walikuwa wameizoea harufu hiyo, maana injini za ndege ziliwatemea mafuta hayo usoni safari nzima na kuwaharisha wakishuka. Lakini kwenye bakuli la mtu?

Bakuli lilikuwa la Isobe, rubani aliyekosea kutua sitahani akatumbukia baharini. Ndege iliopolewa, mwili haukuonekana. Basi rafiki yake, rubani Niinuma, akawa anamwandalia sinia kila mlo, kama wanavyofanya nyumbani kwa mtu aliye safarini ili asishinde na njaa huko aliko. Vijiti vya kulia alivilaza kandokando, kama vya mtu aliye hai. Ulikuwa upuuzi wa mapenzi, na ulimponza.

"Afande, hiki chakula kimeliwa," alinong'ona Tokuji, mpishi wao.

Wali ulikuwa umefukuliwa katikati, na shimoni mlikuwa na ute wa kijivu, nywele na kipande cha ukucha. Niinuma akatapika palepale.

"Marehemu tunamsimikia vijiti wima kwenye wali," Tokuji alisema. "Wewe unamlisha kama yu hai. Atajuaje kwamba amekufa?"

"Hajapatikana bado."

"Miezi miwili baharini, afande. Bado anaogelea?"

Niinuma hakucheka. Hakuwa amemwambia mtu kwamba kila aliposhuka kutua, sitaha ikiwa nyembamba chini yake, mkono wa baridi wenye utelezi ulijilaza juu ya wake kwenye usukani na kuukandamiza taratibu kuelekea majini, ukinuka samaki aliyeoza na yale mafuta, mpaka alipoupokonya usukani kwa nguvu zake zote na kutua huku kamasi na machozi vikimtiririka.

Siku hiyo akavisimika vijiti wima. Tokuji akanyunyiza chumvi ya kufukuza mizimu kila pembe. Wali ukabaki safi.

Lakini aliporuka tena, mkono ulikuwepo. Safari hii ulikuwa umenona.

"Basi kuna mwingine anayemlisha," Tokuji alisema.

Niinuma alimjua. Likizo ilipofika akapanda kilimani kwa mama yake Isobe, ameshakariri la kusema: mama, mwanao amekufa, simika vijiti. Bila hivyo, atakayetumbukia safari nyingine ni Niinuma mwenyewe.

Harufu ileile ya mafuta ilimpokea mlangoni. Sinia lilikuwa mbele ya pazia la karatasi, vijiti vimelazwa, wali umefukuliwa, ute umejaa mpaka ukingoni.

"Anakula vizuri siku hizi," mama alisema kwa furaha. Midomo yake iling'aa mafuta. "Na anachobakisha nakimaliza mimi. Mabaki ya msafiri hayatupwi. Leo ule wewe, mwanangu. Alikupenda mno."

"Mama, mimi nimekuja..."

"Najua wanavyosema huko manowarini: mwambie mama yake kwamba mwanawe amekufa, yaishe." Akamtazama kwa macho mekundu. "Wewe huwezi kuniambia hivyo. Au unaweza?"

Niinuma akapiga magoti mbele ya sinia. Akalipokea bakuli kwa mikono miwili, kwa adabu, akala. Ute ulimteleza kooni ukiwa vuguvugu, nywele zikamkwama kwenye meno, naye akameza, akameza tena, mpaka mama akatabasamu.

Nyuma ya pazia, kitu kikacheua.