Kitabu Alichokisifu Chiriku

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, mwalimu wa maktaba aliingia darasani akiwa amekumbatia boksi la vitabu vipya. Vitabu hivyo vilitoka kwa muuza vitabu wa karibu na soko, ambaye aliiazimisha shule kabla hajaviweka dukani. Vingine vilikuwa vya hadithi, vingine vya maarifa. Kila mwanachama wa chama cha wasomaji alichagua kimoja, akakisoma wiki nzima, na siku ya Ijumaa alisimama mbele ya shule akasema kama kinafaa au hakifai. Kilichofaa kilibaki maktaba. Kisichofaa kilirudi dukani kimyakimya.

Mwezi huo kulikuwa na kitabu kuhusu nyuki, kingine kuhusu jinsi madaraja yanavyojengwa, na kimoja kuhusu meno ambacho hakuna aliyetaka kukigusa. Chini kabisa kulikuwa na cha hadithi, chenye jalada la njano. Juu yake walichorwa mama na binti yake wamepanda baiskeli moja, wanacheka hadi magego yanaonekana.

"Hicho changu!" alisema msichana mmoja kabla mwalimu hajakitua mezani.

Huyo ndiye Chiriku. Jina lake la daftarini lilikuwa jingine, lakini hakuna aliyelitumia, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mama yake, ambaye alikuwa fundi cherehani, alisema mtoto huyo huongea hata akiwa usingizini, na tena hutaka ajibiwe.

Jioni hiyo Chiriku alisoma sura ya kwanza, na kusema kweli ilichekesha. Mama wa kwenye hadithi alijidai anajua kuendesha baiskeli, akaingia nayo moja kwa moja kwenye banda la kuku. Chiriku alicheka mpaka mama yake akasimamisha cherehani na kuuliza kulikoni. Jumanne kulikuwa na kuruka kamba. Jumatano walikuja wageni. Alhamisi alikifungua kitabu, akapiga miayo, akasoma maneno ya nyuma ya jalada, akakifunga.

"Mchuzi huonjwa kwa kijiko kimoja," alijiambia. "Hakuna anayemaliza sufuria nzima ndipo aseme ni mtamu."

Hoja nzuri sana hiyo, ingekuwa kitabu ni mchuzi.

Ijumaa alipanda jukwaani kifua mbele. Aliigiza mama wa baiskeli, akaigiza na kuku, na shule nzima ikaangua kicheko. "Kitabu hiki kinafaa!" alimalizia. "Kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho ni kicheko tu. Mwenye huzuni akisome, itamtoka."

"Umekimaliza?" aliuliza mwalimu wa maktaba.

"Mpaka nukta ya mwisho, mwalimu."

Aliposhuka, msichana aliyeketi naye dawati moja alimvuta mkono. Chiriku alimwita Jirani tangu siku ya kwanza ya shule, na jina hilo likamganda. Jirani alikuwa mpole, wa maneno machache, na wiki zile maneno yake yalikuwa yamepungua zaidi. Mama yake alikuwa amelazwa. Alifanyiwa upasuaji, lakini nafuu haikuja. Hakula vizuri, na alikuwa akishinda anatazama dari. Kila jioni Jirani na shangazi yake walikwenda kumwona.

"Nipe mimi hicho kitabu," Jirani alisema. "Nataka kumsomea mama. Hajacheka siku nyingi."

"Chukua! Atacheka mpaka nyuzi zifumuke."

"Usiseme hivyo bwana," alisema Jirani, lakini alitabasamu, akakitia kitabu kwenye mkoba wake taratibu.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Jumatatu Jirani alifika darasani uso umechangamka. "Amecheka! Alishika tumbo akasema tumuonee huruma, lakini alicheka. Halafu akala uji wote." Chiriku alivimba kichwa. Alimhadithia kila aliyetaka kusikia na wachache wasiotaka.

Jumatano baada ya masomo, mwalimu alimtuma arudishe boksi kwa muuza vitabu. Mle ndani vilikuwemo vitabu viwili tu. Kile cha meno kilibaki shuleni, maana aliyelazimishwa kukisoma alikisifu kuliko wote.

Muuza vitabu alivipokea, akavipangusa kwa kitambaa. "Na kile cha baiskeli?"

"Tumekibakisha. Kinachekesha sana."

Yule mzee alivua miwani. "Kinachekesha? Mwanzoni, ndiyo. Lakini pale yule mama anapougua, wanampeleka hospitali, halafu hatoki tena... Aa, binti yangu. Mimi na mvi zangu nilisoma nakala yangu nyingine nikalia hapa hapa kaunta, mpaka mteja mmoja akadhani nimeibiwa."

"Nani hatoki?"

"Mama. Anakufa katikati ya kitabu." Alimtazama vizuri. "Si umekisoma wewe?"

Chiriku alikuwa amekwisha kutoka mlangoni. Muda wa kuwaona wagonjwa ulikuwa umeanza, na hospitali ilikuwa upande wa pili wa mji. Alikimbia akapita maduka, akapita uwanja wa mpira, viatu vikimpwaya. Njia nzima alikuwa anaomba jambo moja tu: Jirani awe msomaji wa polepole.

Getini mlinzi alinyoosha mkono. "Watoto hawaingii bila mtu mzima."

"Tafadhali, babu. Rafiki yangu yuko ndani. Anamsomea mama yake kitabu, na sharti aache. Sasa hivi!"

"Aache kusoma?" Mlinzi alicheka kidogo. "Wazazi siku hizi wanalia watoto hawasomi, wewe unataka waache?"

"Babu, si mzaha!"

Mlinzi aliona machozi, naye akaacha kucheka. Lakini sheria ilikuwa sheria. Hakuwa na mtu wa kumwachia geti, wala hakujua mgonjwa huyo yuko wodi ipi kati ya wodi nyingi. "Kamlete mama yako, mjukuu wangu, nitawafungulia," alisema kwa upole. Nyumbani kulikuwa mbali. Mpaka aende na kurudi, muda ungekuwa umekwisha.

Basi Chiriku alisimama nje, ameshika nyaya za uzio, anatazama madirisha. Yalikuwa mengi na yote yalifanana. Nyuma ya mojawapo Jirani alikuwa anafungua ukurasa, na ukurasa mwingine, kwa sababu aliambiwa huko mbele kuna kicheko. Chiriku alijua la kusema, lakini hakukuwa na wa kumwambia. Alitamani angalau alijue dirisha moja la kupigia kelele. Alisimama hivyo mpaka kengele ikalia na wageni wakaanza kutoka.

Jirani alitoka ameshikwa mkono na shangazi yake. Macho yake yalikuwa yamevimba. Alipomwona Chiriku alisimama, lakini hakumsogelea.

"Kuna kurasa zilikuwa zimeshikana," alisema. "Huko kiwandani mashine haikuzikata juu. Muuguzi alituletea wembe, shangazi akazikata moja baada ya nyingine." Akamtazama usoni. "Kitabu ni hiki hiki ulichokuwa nacho wewe. Ulizisomaje?"

Chiriku aliuachia uzio.

"Nilikuwa nasoma kwa sauti," Jirani aliendelea. "Sikujua. Nimejikuta nimeshalisema lile neno. Mama akageukia ukutani. Nimemwita, hakugeuka."

"Nisamehe. Mimi nilidhani..."

"Mimi nilikuamini," alisema Jirani. Shangazi yake akamvuta taratibu, wakaenda zao.

Nyumbani Chiriku alimweleza mama yake kila kitu, huku kamasi zikichanganyika na machozi. Cherehani ilinyamaza. "Mama, kesho twende wote," alimalizia. "Ukamwambie mama yake kwamba sikukusudia."

"Kwenda, tutakwenda," alisema mama yake. "Kukusemea, sikusemei. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu, lakini aliyeyamwaga hakai akayatazama. Mdomo uliodanganya ni wako, na huo huo ndio utakaosema kweli."

Siku ya pili Jirani aliketi dawati la nyuma kabisa. Chiriku alibaki peke yake upande wa dirisha, na somo la hesabu lilimpita juu kwa juu. Alijaribu kumwandalia mama wa Jirani maneno, lakini kila neno alilolipata lilikuwa la kujitetea.

Jioni mlinzi aliwafungulia geti. Wodini kulinuka dawa na sabuni ya sakafu. Mama wa Jirani alikuwa ameegemezwa mito miwili, amekonda, mikono yake juu ya shuka. Kitabu cha njano kilikuwa kwenye kabati dogo la kitandani. Jirani na shangazi yake walikuwa wameketi upande wa pili. Jirani alitazama sakafu.

"Shikamoo, mama," alisema Chiriku.

"Marahaba. Wewe ndiye Chiriku? Nimekusikia sana."

Chiriku alisogea karibu na kitanda. "Nilisema nimekisoma kitabu chote. Nilisoma sura ya kwanza tu. Nilisema ni kicheko mpaka mwisho, na sikujua mwisho wake. Jirani alikuja nacho hapa kwa sababu yangu. Nimekuumiza wewe, nimemuumiza na yeye. Naomba mnisamehe."

Mama wa Jirani alikunja pembe ya shuka. "Nilipogeukia ukutani," alisema, "sikuwa nimemkasirikia mtu. Nilikuwa nalia, nikaona aibu mwanangu anione. Tangu nilazwe ninamwambia nitatoka kesho, nitatoka keshokutwa. Lakini mimi sijui. Daktari naye hajui. Leo nimemwambia hivyo, naye ameniambia kwamba anaogopa. Tumeogopa pamoja." Alivuta pumzi. "Usidhani nakwambia haya ili ujisikie vizuri. Haya yalikuwa yetu, na tulitakiwa tuyafungue siku tunayoitaka sisi. Wewe ulitusukuma ndani hujui mna nini."

Chiriku aliitikia kwa kichwa.

"Sasa nijibu jambo moja. Mama akishakufa, yule mtoto anaishije?"

"Sijui," Chiriku alisema. "Sikufika huko."

"Basi kaa hapa, usome. Nataka kujua."

Shangazi alitaka kukataa, lakini mgonjwa alimtazama, naye akanyamaza. Chiriku akavuta kigoda. Alisoma vibaya siku hiyo, anakwama, anarudia mistari. Alisoma jinsi mtoto yule alivyohamia kwa shangazi yake, jinsi alivyokataa kula, jinsi alivyoifunika baiskeli kwa gunia asiione. Kengele ilipolia, mama wa Jirani alisema, "Kesho." Kesho yake Chiriku alikuja tena, na siku iliyofuata pia, na kila mara mama yake aliacha cherehani ili amsindikize. Pale sauti ilipomkauka, Jirani alikichukua kitabu mikononi mwake, akaendelea yeye.

Karibu na mwisho kulikuwa na mahali ambapo shangazi wa kitabuni alichemsha chai, badala ya sukari akatia chumvi, akainywa yote akijidai ni tamu. Yule mtoto akacheka. Alikuwa hajacheka tangu msiba.

"Rudia hapo," alisema mama wa Jirani, macho yamefumbwa.

Jirani akarudia.

"Hapo alipocheka tu. Rudia tena."

Jirani alirudia mara ya tatu. Mama wa Chiriku aliinuka akaenda dirishani, akajifanya anatazama nje.

Kitabu kilipokwisha, mama wa Jirani alimgeukia Chiriku. "Haya, msomaji. Kinafaa?"

Safari hii Chiriku hakukimbilia kujibu. "Kinafaa," alisema polepole. "Lakini kinauma. Mwenye mgonjwa nyumbani asikisome peke yake. Akisome na mtu."

"Hayo kayaseme shuleni, na uanze na ule uongo," alisema mama wa Jirani. "Ukimwambia mtu kitu kinafaa, umemshika mkono unampeleka. Asiyeijua njia asiwashike wenzake mikono. Akisema 'sijui' hapungukiwi kitu."

"Ndiyo, mama."

Muuguzi alipita na sinia la dawa. Daktari alikuwa bado hajasema lolote jipya, na hapakuwa na mtu mle wodini ambaye angeweza kumlazimisha. Mama wa Jirani alizimeza dawa zake, akajilaza, akamtazama tena Chiriku.

"Wiki ijayo niletee kingine. Hata kile cha meno, sichagui. Ila ukisome kwanza."

"Mpaka kwenye meno ya mwisho," alisema Chiriku, na hapo hapo akajuta, akidhani amekosea kufanya mzaha.

Lakini Jirani alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kilimtoka mwenyewe bila kujua, akaziba mdomo kwa kiganja. Mama yake akaushika mkono ule, akaushusha, akaendelea kumtazama mwanawe usoni mpaka kengele ikalia.