Alama ya Idjwi Isiyopewa Jina

Ti! Ti! Ti! Mlio ulitoka jikoni, usiku, nyumba nzima imelala, na Ghislaine akautambua mara moja. Ilikuwa GPS ya mumewe, ambayo hulia hivyo pirogi yake ya kuvulia inapokaribia alama ya mahali penye samaki. Lakini mbalamwezi ilikuwa kali, taa haziwezi kuwavuta sambaza, wale samaki wadogo, wavuvi walikuwa wanapumzika, pirogi imefungwa ufukoni. Hapa Nyalukemba, ndani ya nyumba, nani anakaribia nini?

Akaishika. Imelowa, inanuka tope la ziwa. Kwenye kioo, jina moja tu: ELODIE.

Jina la mtoto wao.

Ghislaine alisoma informatiki kwenye sekondari, basi kazi ya alama ilikuwa yake. Kila mumewe Léopold akitoka ziwani, yeye Ghislaine anaunganisha GPS na kompyuta, anafungua ramani, anafuta alama zilizojirudia, anazipa majina zisizo nayo, kisha anazirudisha. Moja tu, karibu na kisiwa cha Idjwi, ilikaa miaka bila jina, Léopold hakuwahi kuitajia. Kabla mwezi haujakuwa mkubwa Léopold alimwambia, anacheka, "Weka jina ya mutoto, italeta bahati." Akaweka. Sambaza wakajaa mabeseni. Na Elodie akaanza kukohoa maji.

Akaiunganisha na kompyuta, akafungua ramani. Alama haikuwa Idjwi tena, ilikuwa katikati ya ziwa. Akaivuta akairudisha mahali pake, nayo ikageuka, ikapita hata pale ilipokuwa, ikagusa ufuko, ikapanda njia ya kwao, na kila iliposogea GPS ililia mbiombio zaidi, na chumbani mtoto akakohoa mbiombio vilevile, na nje, kwenye saruji, miguu yenye maji, chapa, chapa, chapa.

"Papa Elodie! Ile fasi ya Idjwi iko na nini?"

Alipoingia chumbani, Léopold alikuwa amesimama karibu na kitanda cha mtoto, hakumwangalia. "Baba yangu alitukataza kuipa jina," akanong'ona. "Alisema kuko jini. Jina yenye unaipa, ule mutu njo wake, anakuya kumukamata."

"Na weye ulijua?"

"Samaki ilikuwa imekosa, mama..."

"Ulijua! Ukanifanya niandike na vidole vyangu mimi! Mutoto wangu njo taa yako ya kuita sambaza?"

Hofu ikamtoka yote, ikabaki hasira. Kitasa cha mlango kilianza kuzunguka, polepole.

"We wa inje, sikia!" akapiga kelele. "Uyu mwenye alikupa mutoto, hakubeba mimba, hakunyonyesha. Chukua yeye mwenyewe!"

Akarudi mbio kwenye kompyuta, akafuta jina la mtoto. Akaandika LÉOPOLD. Akahifadhi.

Kitasa kikatulia. Elodie akalia, kilio kikavu, cha njaa, kizuri.

Kisha Léopold akakohoa. Maji yenye tope yakamshuka kifuani.

"Usiambie wavuvi," akamsihi, amemshika pindo la kitenge. "Wakijua, hakuna pirogi itanibeba. Mama Elodie, tafazali."

Ghislaine akampa mtoto titi, akamtazama mumewe mpaka maji yakafika sakafuni.

"Ule mwenye nilimwandikia jina yako anajua," akasema. "Mbali na yeye, Papa Elodie, naapa, sitaambia mutu mwingine."